Kwa Nini Sitahamia Nyuma ya Uzio Wako

Tolman Hollow,
Vermont.
3 Machi 2019

Mpendwa mwanangu Russell,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Marlys na mtoto wenu Ingrid. Ule mgongo uliouumiza ukichimba handaki umepona? Usinifiche. Baba yako hayupo tena wa kukusema, kazi hiyo kaniachia mimi dada yake. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua baridi ikizidi. Theluji bado imejaa uani, lakini wenye miti ya mepo wameshaanza kuitoboa na kutundika ndoo za kukinga utomvu wa kupikia sharubati, kwa hiyo tunajua masika yako njiani.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama palepale mlangoni. Kwamba umenitengea chumba huko Idaho, na chakula cha kutosha, na uzio ambao hapiti mtu, kweli kulinigusa. Watu wangapi wana mpwa wa kuwawazia hivyo? Lakini kabla sijakujibu, ngoja nikueleze yaliyotupata Januari.

Unamkumbuka Verna Stocking, yule dereva wa basi la shule mwenye sauti kama tarumbeta? Tangu mafuriko ya mwaka juzi ametukusanya majirani wote wa bondeni. Tunakutana katika ukumbi wa kanisa, tunakula maharage, tunaulizana. Nani ana msumeno wa mashine? Kisima cha nani hakihitaji umeme? Nani hawezi kushuka ngazi peke yake? Tukakubaliana pia kwamba dhoruba ikija, kila nyumba itafunga kitambaa kwenye sanduku la barua asubuhi. Usipokiona kitambaa cha jirani, unakwenda kumwangalia.

Mmoja tu alikataa: Gage Pruitt, yule wa kilimani. Wewe na yeye mngeelewana sana. Ana uzio, mbwa, ghala la mafuta na makopo ya chakula hadi darini. Verna alipokwenda kumwalika, alimjibu akiwa nyuma ya geti.

"Mimi nimeshajiandaa, mama. Na nimejiandaa kwa ajili ya siku ambayo ninyi mtakuja kunivamia."

"Haya," Verna akasema. "Tukija tutapiga hodi."

Basi Januari ikanyesha mvua ya ajabu, ile inayoganda ikigusa tu kitu. Kila tawi lilivaa barafu nene kama mkono wangu. Miti ikaanza kuvunjika, mlio wake kama bunduki, ikaangukia nyaya na barabara. Umeme ukakatika, simu nazo zikafa. Kwenda mjini ikawa haiwezekani.

Lakini hatukuhangaika kama nilivyoogopa. Kila mtu alijua aanzie wapi. Dwight Fontaine, fundi wa matrekta, alimbeba Bibi Thibodeau hadi ukumbini, maana yule bibi anapumua kwa mashine ya oksijeni, na jenereta ya kanisa ndiyo pekee iliyokuwa inafanya kazi huku bondeni. Tukawasha jiko kubwa la kuni, tukatandika magodoro. Asubuhi tulikaanga chapati za maji, tukazimiminia sharubati, na nakwambia kuna watu walinenepa katika dhoruba ile.

Vitambaa vyote vilionekana. Kisha Verna akatazama kilimani, akaniuliza, "Odette, unaona moshi kwa Pruitt?"

Sikuuona.

Dwight akaguna. "Yule si mwenzetu. Alisema mwenyewe."

"Kwani baridi nayo imemsikia akisema?" Verna akamjibu. "Chukua msumeno wako twende."

Nikabeba chupa ya chai nikawafuata, na goti langu hilihili. Dwight alikuwa anakata miti iliyolala njiani, sisi tunasukuma matawi kando. Tulipofika getini, mbwa wakaja juu. Verna akapiga hodi, kama alivyoahidi. Akapiga tena.

Sauti ikatoka ndani, nyonge kabisa. "Ondokeni! Nina bunduki!"

"Bunduki najua unayo," Verna akapaza sauti. "Ila kuna kuni zimemwagika hapa uani, na kuna mtu kajiburuza kwenye theluji kutoka hapo hadi mlangoni. Sasa niambie, ni mguu au ni nyonga?"

Verna akaegemeza sikio kwenye geti.

"Mguu," akasema, kisha akawaita mbwa wake watulie, nasi tukafungua geti tukaingia.

Russell, nikikwambia nilichokiona ndani, nataka unisikilize kwa makini. Mtu yule alikuwa amelala sakafuni, midomo ya bluu, amejifunika zulia. Ukutani, kutoka chini hadi juu, makopo: nyama, maharage, maziwa, matunda. Kando ya jiko lililozimika kulikuwa na kiberiti, na hakuweza kukifikia. Aliniangalia kama mtoto aliyekamatwa anaiba, akasema, "Nilipanga kila kitu." Nikamnywesha chai.

Tulimfunga mguu kwa mbao, tukamlaza kwenye sleji yake mwenyewe, ile ya kuburutia mizigo thelujini, tukamteremsha. Jirani yetu mmoja, ambaye ni nesi, alimtibu vizuri, tukamweka karibu na jiko, kando ya Bibi Thibodeau. Bibi akamtazama wee, kisha akamwuliza, "Wewe ndiye yule tuliyetaka kukuibia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Pruitt peke yake hakucheka.

Sasa hapa ndipo moyo wangu ulipokwama. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha, na barabara bado haijafunguliwa. Sote tulijua kule kilimani kuna ghala limejaa. Dwight alimvuta Verna jikoni, na mimi nilikuwa hapo naosha vikombe.

"Tumwombe," Dwight akasema. "Akikataa, tunajua njia."

"Hakuna atakayemwomba," Verna akasema. "Mtu aliyelala chali, mguu umevunjika, tumemzunguka sote, atakataaje? Hatukumtoa kule kwa sababu ya mafuta."

"Na bibi je?"

Verna akashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikawa vyeupe. Nilikasirika naye wakati ule, sitakuficha. Niliona anacheza na roho ya mtu.

Mchana jenereta ikaanza kukohoa. Mashine ya bibi ikazima, ikawaka, ikazima tena. Nesi akakimbilia mtungi mdogo wa akiba. Bibi alikuwa anavuta pumzi mdomo wazi, na mkono wake ukipapasa hewani ukitafuta wa kuushika. Aliyekuwa karibu ni Pruitt. Akaushika.

Hakuuachia. Kwa mkono wa pili akapekua mfukoni, akamrushia Dwight funguo. "Ghala la nyuma. Pitia kushoto, kulia nimetega waya. Mbwa mkubwa anaitwa Duchess, mwite jina, hang'ati. Kimbia, bwana, unashangaa nini?"

Dwight alikimbia. Ile jenereta haikuzima tena hadi barabara ilipofunguliwa na umeme ukarudi.

Bibi Thibodeau yu hai, na anamfunga Pruitt karata kila Jumapili. Pruitt anatembea kwa magongo. Uzio wake bado upo na maneno yake bado makali, ila mwezi uliopita alikuja ukumbini kutufundisha kuhifadhi maji yasigande na mafuta yasiharibike. Kumbe anajua mengi! Tulimsikiliza kwa heshima, na alipomaliza hakutaka kuondoka.

Kwa hiyo mwanangu, usidhani nakucheka. Makopo yako ni mazuri, handaki pia, sisi wenyewe tumejifunza kuweka akiba. Ila mimi sihami. Hapa nisipoonekana asubuhi, watu watakuja. Ninalolala nikiliwaza ni ninyi watatu: siku moshi wenu usipoonekana, nani ataona?

Marlys aliniambia kwa simu kwamba ng'ambo ya kijito anaishi mama mmoja mwenye mbuzi, na kwamba hamjawahi kusemezana naye. Nakuomba kitu kimoja tu. Oka mkate, umchukue Ingrid, mkavuke kijito. Acha bunduki nyumbani. Mkifika, pigeni hodi.

Nisalimie sana Marlys, mwambie soksi za sufu nitazituma. Mbusu Ingrid mashavu yote mawili. Verna anakusalimu, na Dwight anauliza kama lile gari lako kuukuu bado linanguruma. Mungu awe mlinzi wa mlango wenu, na awape wa kuubisha kwa wema.

Nami ni shangazi yako, ninayekupenda tangu hujaota jino,

Odette

Ukinijibu, niandikie jina la yule mama.