Kengele ya Mlango Chini ya Redio

Kitisuru, 3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, natumaini goti lako limetulia na kwamba zile dawa unazinywa, si kuzihifadhi kwenye kopo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi unajibu "eeh" kwa kila kitu, hata nikikuuliza umekula nini. Barua itakufikia kwa Kitavi akirudi huko baada ya kuleta mayai mjini. Ukijibu, amwachie Hannah pale kibandani kwake River Road.

Kazi nimeanza. Mama Keval amenipokea vizuri, ananiita "binti ya Mwololo", sidhani kama jina langu analijua. Na gari lako ulilitunza, Baba. Miaka ishirini na sita mikononi mwako na halina mkwaruzo. Kila fundi anayefungua boneti huniuliza dereva wake wa kwanza alikuwa nani, nami hujibu kwa maringo.

Lakini honi, Baba. Ukiupiga usukani unanyamaza kama meza. Badala yake kuna kitufe cheupe cha kengele ya mlango, kile cha nyumbani kabisa, kimefungwa kwa skrubu chini ya redio, karibu na abiria kuliko dereva. Nani alikiweka pale?

Jumatano nilikuwa nikimpeleka Mama Keval kwa dadake Muthangari. Mkokoteni wa vitunguu ukatoka kichochoroni. Nikaupiga usukani kwa kiganja, mara mbili, kimya. Nilifunga breki hadi miwani ya Mama ikaruka kutoka kiti cha nyuma ikatua mbele. Mwenye mkokoteni akaniangalia akasema, "Madam, kwani gari yako ni bubu?"

Mwanawe, Keval, alisikia habari hiyo. Amenipa mpaka mwisho wa Machi. Nisipolizoea gari, watatafuta dereva mwingine. Naitaka kazi hii, Baba, na si kwa ajili ya mshahara tu. Nimekulia kwenye hadithi za gari hili.

Wako,
Ndanu

Tala, 9 Februari 2025

Mwanangu Ndanu,

Barua imefika, na mayai yote yamefika huko mazima, Kitavi ameapa. Mama yako anakusalimu. Goti ni lile lile, dawa ziko tumboni.

Kwanza kabisa, sikucheka. Nilicheka baadaye, nilipofika pale pa miwani.

Sasa sikiliza. Keti kwenye kigoda jikoni. Mkono wa kulia ushike mfuniko wa sufuria, huo ndio usukani. Kushoto, usawa wa goti, weka kiberiti juu ya debe. Mtu akutajie hatari ghafla, nawe ukipige kiberiti kwa kidole gumba bila kukitazama. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Mazoea yana taabu. Mimi hadi leo nikiona mbuzi barabarani mkono wa kushoto unaruka wenyewe, na mama yako akiwa karibu anapigwa goti bila kosa.

Wewe ulijifunza kuendesha kwa pikapu ya Kitavi, ile ambayo breki zake ni maombi. Siku ile ulipoishusha mteremko wa mtoni bila kusema neno nilijua nimezaa dereva. Kitufe hakitakushinda.

Kuhusu aliyekiweka pale, ni hadithi ndefu kidogo. Nitakueleza ukija.

Baba yako,
Mwololo

Kitisuru, 20 Februari 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo nyote? Sisi huku wazima, ila viberiti vitatu vimefariki.

Peres anayepika hapa ndiye mwalimu wangu. Anakaanga kitunguu huku amenipa mgongo, halafu ghafla, "Ndanu, bodaboda!" nami napiga. "Ndanu, mbuzi!" napiga. Jana alisema "Ndanu, chai," nikapiga pia. Kati ya kumi sasa napata saba. Njiani ni tano, kwa sababu njiani kuna gea.

Ila huenda nimejisumbua bure. Keval amesema Jumamosi, tarehe mosi, nilipeleke gari kwa fundi mmoja River Road anayeitwa Mungai, honi irudishwe kwenye usukani. Kwa kweli nilishusha pumzi. Nilipomuuliza Mama kama ni sawa, aligeukia dirisha akasema, "Fanya vile Keval amesema." Sauti yake sikuipenda, Baba. Kuna jambo ninalopaswa kujua?

Wako,
Ndanu

Tala, 24 Februari 2025

Mwanangu Ndanu,

Leo salamu ni fupi, tu wazima. Kitavi anashuka Ijumaa, barua itakuwa kwa Hannah Jumamosi asubuhi. Pitia kwake kabla ya kwenda kwa fundi.

Kitufe nilikiweka mimi.

Miaka kumi iliyopita Mzee Rajinder, babake Keval, alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ulikufa. Yeye alikuwa mtu wa kuendesha gari lake mwenyewe, mimi nilikuwa wa kulitunza, na kuliendesha siku za shughuli tu. Alipotoka hospitali alikaa kiti cha mbele kando yangu, Mama Keval nyuma. Siku moja tukiwa tumekwama Westlands akaniambia, "Mwololo, mimi sasa ni mzigo kama gunia."

Kesho yake nilichukua kengele ya mlango kutoka rafu ya duka lake mwenyewe la vifaa vya ujenzi, nikaifunga pale mkono wake wa kulia unapofika. Na waya wa honi ya usukani nikaukata. Fundi aliniona mwendawazimu. Lakini ningeiacha ile ya usukani, Mzee angejua kwamba ya kwake ni mchezo wa kumtuliza. Nikamwambia, "Mzee, honi imeharibika, hii ndiyo iliyobaki, na mimi mikono yangu ina kazi. Utanisaidia?" Aliniangalia sana. Nadhani alijua. Tangu siku hiyo mimi niliendesha na yeye akapiga honi, miaka tisa, hadi alipotuacha; asipokuwamo garini nilikipiga mwenyewe. Langoni alipiga moja ndefu na mbili fupi, na Ajwang, mlinzi, akafungua.

Usikitoe, mwanangu. Au ukikitoa, ujue unachotoa.

Baba yako,
Mwololo

Kitisuru, 13 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini mko salama. Nisamehe kwa ukimya, nilitaka nimalize kwanza ndipo niandike.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi hilo la mkuu lilinifikia nimeshachelewa. Jumamosi ile nilianza kwa Mungai. Nilipofika kwa Hannah honi ilikuwa kwenye usukani, na kitufe kilikuwa mfukoni mwangu. Barua niliisoma nimesimama, watu wakinipiga vikumbo. Nililia, Baba, nakuambia tu. Si kwa huzuni. Nilikuwa nawaza jinsi ulivyokata waya ule.

Nikarudi kwa Mungai. Akasema, "Siste, si hii ndio umenitolesha saa hii?" Nikamwomba akirudishe palepale, kwenye matundu yake yaleyale. Akauliza kama ya usukani aiache pia, maana ndiyo itakuwa rahisi kwangu. Nikamwambia aikate.

Jumatatu nilimfungulia Mama mlango wa mbele. Tangu Mzee afariki mwaka jana hakuna aliyekalia kiti kile. Alisimama na mkoba wake, nami nikasema maneno yako, kwamba mikono yangu ina kazi. Akaketi. Njia nzima hakukigusa kitufe. Nilipiga mimi kwa kidole gumba, na sikukosa hata mara moja.

Jana tulimpeleka tena Muthangari, na Keval alikaa nyuma akinipima. Bodaboda ikachomoka getini kwa mtu, pale penye kona. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki, mkono kwenye gea, na kabla kidole hakijaruka honi ililia. Ni Mama. Bodaboda ikakwepa ikaenda zake. Tukarudi Kitisuru.

Langoni nikasimama kama kawaida. Mama akanyoosha mkono, akapiga moja ndefu, kisha mbili fupi. Ajwang siku hizi hufungua upande mmoja tu wa lango. Jana alikuja akikimbia, umri ule, akafungua pande zote mbili, akavua kofia. Halafu akainama kutazama kiti cha mbele. Alipoona ni Mama, aliibakiza kofia kifuani.

Keval alikuwa akifuta miwani. Akasema, "Ndanu, hiyo honi isiguswe na fundi tena." Ya mwisho wa Machi hakuyataja, na leo asubuhi amenikabidhi ufunguo wa pili.

Nilidhani nilikuja hapa kulizoea gari lako, Baba. Kumbe nilikuwa sijakuzoea wewe. Mama ameomba aongeze neno lake hapa chini.

Binti yako,
Ndanu

Mwololo, salamu. Nilikaa nyuma miaka tisa na nilikuwa naona yote. Ulikuwa unapunguza mwendo ili mkono wake ufike. Binti yako pia anapunguza. Mwambie asipunguze sana, mimi si mzee hivyo.
Mama Keval