Ndege ya Aveba

Bunia, tarehe 14 mwezi wa ine

Yaya Musoki,

Siye tuko wazima, na maharagi uliyotuma yalifika muzuri. Kazi ndiyo inanichosha. Siku ya ine ya juma iliyopita, mukubwa wa kampuni alijaza tena ndege mizigo ya kupita kipimo, na kiwanja ya Aveba, kwenye ilipaswa kutua, ilikuwa matope tupu. Nikamuambia, «Mimi sirushi hii ndege.»

Akajibu, «Basi, Willy ataipeleka.»

Willy, rubani mwenzangu, akaipeleka. Kule iliteleza, akavunjika miguu yote mbili.

Leo mukubwa ameniita: «Sasa weye ndiye utachukua nafasi yake.» Hata hakuuliza kama Willy anaendelea namna gani! Nikamurudishia kofia ya kampuni, nikaenda hospitali kumulisha Willy uji.

Mama asijue kwamba sina kazi.

Mudogo wako,
Ambroise