Moshi kwa Bibi Odessa

Oakland, 8 Februari 1971

Dada Verna,

Habari za huko? Goti lako na baridi ya Detroit vinapatana? Sisi wazima, ila mimi nina hasira isiyo na dawa.

Shule imempima akili Clarice wetu. Kapata sabini na moja. Waliopungua sabini na tano hupelekwa darasa la wazito wa kuelewa, wakafundishwe kukunja taulo. Mtoto wa miaka tisa anayenisomea gazeti! Nilidai kuona majibu yake. Swali mojawapo: ukiona moshi nyumba ya jirani utafanya nini? Kajibu, "Namtoa kwanza Bibi Odessa, hawezi kutembea." Sifuri. Kitabu kinataka apige simu zimamoto. Simu ipi? Mtaa huu zimamoto hufika majivu yamepoa.

Wewe kupima watoto ndiyo kazi yako. Bodi ya shule inakaa 3 Mei. Waandikie.

Mdogo wako,
Thurman

Detroit, 20 Februari 1971

Mdogo wangu,

Nimefurahi mko salama. Goti linalalamika kama wewe.

Kipimo hakimchukii mtu, Thurman. Nikianza kuonea huruma kila jibu, sitakuwa napima tena. Mwache Clarice asaidiwe kwa mwendo wake.

Dada yako,
Verna

Oakland, 1 Machi 1971

Verna,

Leo sikuulizi hali. Kipimo chako kinapima kama mtoto kalelewa nyumba moja na aliyekitunga, basi. Jiko la Mama liliposhika moto, ulikuwa na miaka kumi. Ulikimbilia simu? Ulinibeba mimi, na kovu la mkononi unalo. Kwa kitabu chako ulipata sifuri.

Kama huna jibu, usiandike.

Thurman

Detroit, 19 Aprili 1971

Mdogo wangu,

Hamjambo? Najua hukutaka kuniuliza, lakini mimi nauliza.

Wiki saba hizi nimewapima upya watoto kumi na wawili niliowapeleka darasa lile, safari hii kwa kipimo kingine kinachoaminiwa vilevile. Saba wamevuka mstari. Mmoja alikuwa na sitini na nane, sasa tisini na nne. Mtoto ni yuleyule. Nilichobadilisha ni kitabu.

Kisha nikafungua kabati la karatasi za majibu nitafute swali la moshi. Watoto kumi na tisa walinijibu watamtoa bibi, au mdogo wao, au mbwa. Sifuri zote ni mwandiko wangu.

Mkuu wangu kasema karatasi hizo hazitoki ofisini. Nikamwambia zimeshatoka. Nimeziba majina ya watoto, jina langu nimeliacha. Nafika kwa treni tarehe 30, niisomee bodi moja moja. Nikirudi sidhani nitakuta kazi.

Mwambie Clarice alijibu sawa.

Dada yako,
Verna

Oakland, 24 Aprili 1971

Dada yangu,

Goti linaendeleaje? Kwenye treni linyooshe.

Barua yako kaisoma Clarice mwenyewe, kwa sauti, bila kukwama, hata mistari uliyoikata. Alipomaliza akauliza swali moja. Nimemwambia akuulize wewe, na wewe uiulize bodi:

"Wale kumi na tisa sasa hivi wako darasa gani?"

Mdogo wako,
Thurman