Mabehewa Yasiyo na Njia ya Kupitia

Ruring'u,
S.L.P. 214,
Nyeri.
9 Agosti 1975

Mpendwa mwanangu Ngatia,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako baridi ya Julai imekataa kuondoka na mlima hatujauona kwa wiki mbili. Je, u hali gani huko Uingereza? Kikohozi chako kimepona? Mimi naandika nikiwa nimeegemea mito, nusu ukurasa kwa siku. Daktari ameacha kuniambia nirudi lini, na mtu aliyesoma huelewa.

Mama yako Wangechi ni mzima. Amevuna viazi, na ng'ombe wake amezaa ndama jike. Binti yangu Gathoni bado anafundisha Kerugoya, huja Jumamosi; dada yako Monicah yuko hapa na mama yenu.

Barua yako ya Juni ilifika, pamoja na picha za reli ndogo uliyojenga juu ya meza. Stesheni ya Kiganjo umeipatia, hata tangi la maji. Ukaniuliza ununue mabehewa gani ya daraja la tatu kwa treni ya Nanyuki ya mwaka 1953: yale ya kale ya mbao, ambayo kila moja limejifunga peke yake, au yale ya baadaye, yenye mlango mwishoni na njia ya kupitia kutoka behewa hadi behewa.

Nilisoma swali hilo mara tano na sikulipenda hata mara moja. Miaka yote ipo, kwa nini 1953? Kwa nini uniulize mimi, wakati huko kuna vitabu? Na kwa nini katika mchoro wako wa mabehewa ile milango uliichora kwa wino mwekundu? Bahasha ilikuwa imefunguliwa, nikamshuku Gathoni. Akasema ni karani wa posta, nikamshuku karani. Kisha nikamwona mama yako akiutazama mchoro huo muda mrefu. Siku tatu alileta uji, na siku tatu nikamwambia nimeshiba. Nilidhani mmeshauriana kunitega.

Unajua ninavyoisimulia siku ile. Nilikuwa gadi, msimamizi wa treni, nikisafiri katika behewa la mwisho. Baba yako Wahome, mdogo wangu, alipanda Naro Moru bila pasi ya kusafiria, ambayo Serikali ya wakoloni ilimdai kila mmoja wetu mwaka ule wa hatari, akienda Karatina kumwona mama yetu aliyekuwa mgonjwa. Njiani nikapata habari kwamba askari wangepekua treni Karatina. Nikapita behewa hadi behewa huku treni ikikimbia, nikiruka magunia na kusukuma watu, nikamfikia wakati breki zinashika. Nilikuwa nimechelewa. Walimchukua, akafia kizuizini. Kwa masimulizi hayo ukoo ulinichinjia kondoo, na wewe ukakabidhiwa kwangu nikulee.

Sasa jibu la swali lako: nunua yale ya kale. Mwaka ule treni yetu haikuwa na mengine katika daraja la tatu. Hakuna aliyeweza kupita kutoka behewa moja hadi jingine, hata gadi.

Ukweli ni huu. Pale Kiganjo karani wa stesheni aliniambia kwa sauti ya chini, "Kingori, leo Karatina kuna askari kama siafu." Treni ilisimama dakika kumi na mbili ikijaza maji. Kutoka kwangu hadi kwa Wahome zilikuwa hatua sitini tu juu ya changarawe, mchana kweupe. Lakini mlangoni mwa ofisi alisimama ofisa mmoja Mzungu akitazama treni. Niliogopa kwamba akiniona nikimtoa abiria asiye na pasi, nitapoteza kazi, pengine nitafungwa pamoja naye. Nikajimiminia chai, nikainywa yote. Kisha nikapeperusha bendera ya kijani. Bila bendera yangu treni ile isingeondoka, Ngatia. Wahome alitoa kichwa dirishani, akaniona, akacheka na kunipungia mkono.

Juzi nilimwita mama yako, yeye aliyeachwa mjane na safari ile, nikamweleza. Hakuacha kumenya viazi.

"Baba Gathoni," akasema, "mimi nimebeba viazi kwa hiyo treni miaka ngapi? Huyu Monicah karibu nimzalie ndani! Unafikiri sijui haikuwa na mlango ya kupitia?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kondoo. Wewe ulikuwa unasimulia, mimi nakata nyama."

"Mbona hukusema?"

"Ati niseme mimi? Mdomo ni yako. Haya, kunywa uji, inapoa."

Nilikunywa. Sijui kama huo ni msamaha. Alichukua bakuli, akatoka bila kunitazama.

Na wewe je? Hata sasa nashuku kwamba uliuliza ukijua. Kama ulijua, umenitendea kwa adabu nisiyostahili. Kama hukujua, sasa unajua, na uamuzi ni wako kama nitabaki baba kwako.

Nina ombi moja. Ukiipanga treni yako, weka behewa la gadi mwisho, na la baba yako liwe la pili kutoka kichwa cha treni. Kisha isimamishe Kiganjo, upime kutoka moja hadi jingine. Nimepiga hesabu kwa vipimo ulivyoniandikia. Katika meza yako, umbali ule haupiti urefu wa mkono wako.

Msalimu mkeo Murugi na watoto. Gathoni anawasalimu, na Monicah dada yako anauliza mtakuja lini.

Wazee wetu humbariki mtoto kwa kumtemea mate kifuani. Mate yangu mimi siyaamini tena. Kwa hiyo namwomba Mungu akubariki bila kupitia kwangu.

Baba yako mkubwa, anayekupenda hata usipoweza kumpenda,

Kingori