Mlima Ulioupenda, Baba Aline, Ni Upi?

Baba Aline mpenzi,

Aline yuko shule, nyumba imetulia, na mimi nimekukasirikia. Nakwambia mapema ili usidhani hii ni barua ya machozi. Machozi niliyatoa kwenye matanga, mbele ya watu wa kanisa waliojaa hapa kwetu Greyville, Durban, mpaka kwenye ngazi. Hii ni barua ya mke aliyesumbuliwa majuma mengi kwa sababu mume wake alikuwa na adabu kupita kiasi.

Naiandika wazi. Wenzako wa gereji ya Clairwood waisome wakitaka, na mwanamke yeyote mwenye mume wa namna yako aisome pia. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu kuna mzee mmoja ambaye sitaki aielewe. Nitafika kwake.

Patron wako, bosi mwenye basi, alinipigia simu kabla ya baridi kuanza. Mtu mzuri, sikatai. Alikuja kwenye mazishi na tai nyeusi, akasimama mpaka mwisho ingawa tuliimba saa nyingi na hakuelewa neno. Akaniambia kwamba lile banda uliloliomba miaka yote sasa atalijenga.

Banda hilo nalijua kuliko ninavyojua chumba changu cha kulala. Ulilizungumzia kila mwaka. Unapeleka wageni kwenye theluji, wanashuka na mbao zao za kutelezea, wanacheza mchana kutwa, na wewe dereva unakaa kwenye basi unasubiri. Milima ni mitatu na mwenyewe ni mmoja, huyo huyo patron: ule wa Lesotho, ule wa Eastern Cape, na ule mdogo wa Drakensberg wenye theluji ya mashine. Kwenye yote mitatu mgeni ana hoteli, ana moto, ana chokoleti ya moto yenye povu juu. Dereva ana kiti chake cha basi. Uliomba chumba kidogo chenye jiko la kuni na benchi. Walikujibu kwamba wataangalia.

Sasa wameangalia. "Litakuwa na jina lake mlangoni," patron akaniambia. "Lakini kwa sasa tunajenga moja tu. Tutalijenga kwenye mlima alioupenda kuliko yote. Wewe mke wake, bila shaka unajua."

Nikamwambia nitamjibu Ijumaa ya juma lijalo. Niliona ni swali jepesi.

Baba Aline, nimeishi na wewe tangu Bukavu. Nakijua kiatu unachovaa kwanza. Najua huli ndizi iliyoiva sana na kwamba ukisali kwa sauti unakosea jina la mjomba wako. Lakini hilo swali lilikaa juu ya meza hii mpaka chai ikapoa.

Nikafungua madaftari yangu. Ulikuwa unanicheka kwa kuandika kila siku na tarehe yake, ukisema naandika kama karani wa serikali. Basi karani akatafuta. Kila safari yako imo. Umerudi kutoka Lesotho: "Amesema mlima ni mzuri sana." Umerudi kutoka Drakensberg: "Amesema mlima ni mzuri sana." Umerudi kutoka Eastern Cape: unadhani niliandika nini? Kurasa na kurasa za mlima ni mzuri sana. Nikafunga madaftari nikaenda kukatakata vitunguu kwa hasira.

Kumbe patron naye alikuwa amewauliza wasimamizi wake wa ile milima. Simu zikaanza.

Wa kwanza alikuwa Ntate Thabo wa Lesotho. Akaniambia pole kwa upole wa watu wa kule, kisha akasema, "Mama, mume wako aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hapa ndipo pazuri." Kesho yake Mama Zodwa wa Drakensberg: "Dada yangu, asingechagua kwingine. Alisema vilima vyetu vinamkumbusha nyumbani." Na Jumamosi, nikiwa soko la Warwick, nimeshika mfuko wa mihogo mkono mmoja na simu mkono mwingine, huku mbeba mizigo ananipigia mluzi nimpishe, akanipigia yule mzee, Oom Danie wa Eastern Cape.

Huyo hakuongea, alihutubia. Kwamba wewe ulimshika mkono. Kwamba ulimwambia umetoka nchi yenye milima inayotoa moshi na bado hujaona mlima kama wake. Kwamba ulimsifia barabara, supu, mbwa wake, na hata upepo. "Upepo, mama," akasema, na nikasikia anapenga makamasi. "Nani husifu upepo?"

Nilijua nani. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakusema kwa sauti katikati ya soko. Mama anayeuza mizizi ya dawa akaniuliza kama nataka ya kumrudisha mwanaume. Nikamwambia huyu wangu arudi kwa dakika tano tu, ajibu swali moja, kisha aende.

Hapo ndipo uliponifikisha. Watu wazima watatu, kila mmoja ana ushahidi, na ushahidi wote umetoka kinywani mwako. Wageni wako walikuwa wakibishana njia nzima ya kurudi, huyu anasema Lesotho kuna theluji ya kweli, yule anasema Drakensberg ni karibu na watoto hawatapiki. Bongani, dereva mwenzako, alinisimulia kwamba wakikuuliza wewe mwamuzi, ulikuwa unasema, "Wote mmesema kweli," na unaongeza redio. Sasa wewe umezima redio na mimi ndiye nimebaki na ubishi.

Moyo wangu mwenyewe ulikuwa umeshachagua, nikiri. Nilitaka Drakensberg. Ni karibu. Asubuhi unatoka Durban, mchana umefika, hata kwa taxi mbili. Patron alikwisha kusema kwamba popote banda litakapokuwa, mimi na Aline tutakaribishwa kila mwaka. Nilijiona nimekaa kwenye benchi lile, jina lako mlangoni, chai mkononi.

Na ni pale ulipotupeleka. Unakumbuka? Ulipata viti viwili vya bure nyuma ya basi. Aline alikuwa bado na meno ya maziwa. Mimi niliazima koti la Mama Josée wa kanisani, likanifika kwenye visigino. Mashine inarusha theluji kama mtu anayepepeta unga, na wewe umesimama pembeni na kofia yako ya kazi, mikono nyuma, kama mwenye mlima. Walinifunga zile mbao miguuni. Nikaenda hatua mbili, ya tatu sikuenda mimi, ilinipeleka. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekalia theluji na koti la Mama Josée limenifunika kichwa, na nikasikia kicheko chako. Hujawahi kunicheka vile hata siku nilipochoma pilau ya ubatizo. Ulikuja kuniinua ukashindwa kwa kucheka, ukakaa na wewe. Tukakaa wote wawili kwenye maji yaliyoganda, watu wazima kutoka Bukavu, mpaka binti yetu akasema, "Papa, Mama, simameni, watu wanaangalia."

Kwa hiyo Alhamisi jioni, nikiosha vyombo, nikamwambia Aline, "Kesho nasema Drakensberg. Huko ndiko baba yako alikofurahi."

Aline akaendelea kufuta sahani. Amekuwa mrefu, hungeamini. "Huko alifurahi kwa sababu sisi tulikuwa huko," akasema. "Siku zingine alikuwa peke yake."

"Peke yake alisema yote ni mazuri."

"Mama, na wewe. Papa alimsifia hata Mama Josée fufu yake."

Nikaacha sahani kwenye maji.

Ile fufu, Baba Aline. Jumapili baada ya misa, sote mezani kwa Mama Josée. Fufu mbichi katikati, unaivunja inatoa vumbi. Mimi nikala matonge mawili nikasema nimeshiba. Wewe ukaisifia. Ukasema ni laini, ukauliza unga ameununua wapi, ukasema mama yako mzazi hakuwahi kusonga hivyo, mpaka yule mama wa watu akatufungia bakuli zima la kupeleka nyumbani. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, taa ikiwa nyekundu, nikakuuliza umepatwa na nini. Ukanijibu taratibu, macho barabarani: "Mtu akinipokea vizuri, asante moja inamtosha. Akinipokea vibaya namwongezea, asije akaona haya."

Nikakausha mikono, nikakaa chini. Ntate Thabo ulimpa sentensi moja. Mama Zodwa ulimpa sentensi moja na vilima. Oom Danie alipata barabara, supu, mbwa na upepo.

Nikaenda tena kwenye madaftari, safari hii sikutafuta ulichosema. Sikuhitaji hata kusoma sana, kumbukumbu zilikuja zenyewe. Kutoka Lesotho ulirudi na hadithi: walinzi wa mpaka waliokipekua kitabu chako cha safari ukurasa kwa ukurasa, na Ntate Thabo aliyekuingiza jikoni kwake ukale na wapishi. Kutoka Drakensberg ulirudi unaimba. Kutoka Eastern Cape ulifungua mlango, ukauliza, "Maji ya moto iko?" na ukakaa. Miguu kwenye ndoo, maji na chumvi, na huongei. Vidole vyako vilikuwa na rangi ya biringanya. Nikikuuliza ulikuwa wapi, unasema kule maegesho ya chini, injini wanataka izimwe, moshi unawasumbua wageni. Kisha unasema mlima ni mzuri sana.

Na mimi nikaandika hivyo. Nilikuwa nimeishika ile miguu mikononi mwangu nikiisugua.

Ijumaa nilimpigia patron. Nikamwambia Eastern Cape.

"Kweli?" akasema. "Nilidhani utachagua wa karibu."

"Eastern Cape," nikasema. "Pale maegesho ya chini, siyo juu karibu na hoteli. Mlango uangalie upande usio na upepo, na usifungwe kwa ufunguo. Jiko liwe linawaka kabla basi halijafika."

Akarudia kila neno polepole. Nadhani anaandika. Kisha akauliza kama ni kwa sababu ya mandhari. Nikamwambia mume wangu alipaongelea sana.

Sikusema uongo. Lakini unaona ulichonifanya? Oom Danie alinipigia kabla sijaweka simu chini. Analia, mzee mzima. Alijua siku zote, anasema. Atawaambia wageni wote kwamba dereva kutoka Congo aliyeona milima ya moto aliuchagua wake. Nikafungua mdomo nimweleze, kisha nikaufunga, nikasema, "Asante, Oom." Kwa hiyo sasa mpaka dunia iishe watu watasimuliwa kwamba ulipapenda mahali palipokugandisha vidole, na mimi ndiye shahidi. Na benchi langu la karibu limekwenda. Kutoka hapa mpaka kule ni safari ya siku nzima, kupita miji ambayo sijui hata kuitamka, na Aline ana shule, na mimi nina saluni, na huenda mwaka huu nisifike kabisa. Ungesema neno moja tu miaka ile. Ungesema, "Kule wananifungia nje." Ningekwenda mwenyewe kwa patron na kilemba changu cha kanisani, na ungeota moto ukiwa hai. Hilo ndilo linalonikasirisha nikiosha vyombo, nikifunga mlango, nikipita kituo ulipokuwa unanisubiri. Kuwasitiri watu wasione haya ni vizuri. Lakini na mimi nilikuwa mtu wako. Mimi ungenipa ukweli, asante ukawape wao.

Sijamaliza kukukasirikia. Ila jana Bongani alinitumia ujumbe wa sauti. Ndiye amechukua basi lako, na ilikuwa safari ya kwanza tangu banda limalizike. Unajua anavyoongea, Kiswahili ulichomfundisha wewe njiani, nusu Kizulu.

"Mama Aline, sawubona. Eish, mama, leo nina kesi. Niliingia kwa ile nyumba ya Baba, moto iko, benchi iko, nikasema nakaa kidogo tu. Nikalala, mama. Nililala kabisa. Wageni wamemaliza, wamekuja kwa basi, hakuna dereva. Wakanitafuta. Nafungua macho, ni watu wengi kwa dirisha na mbao zao, wanagonga kioo. Nikawaambia, sharp, nakuja, nafunga viatu."

Kisha anacheka mpaka sauti inakatika.

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Basi zima la wageni limesimama kwenye upepo ule uliousifia, linamsubiri dereva afunge viatu.

Kaa salama huko uliko, na wakikuuliza kama umepokewa vizuri, wajibu kwa kifupi.

Ni mimi mkeo, bado nimenuna kidogo,
Mama Aline