Wuro Si Kijiji

Munuki, Juba
Jumapili

Kaka Mwadime,

Natumaini goti lako limekubali dawa, na kwamba Mama ameacha kuficha vidonge vyake chini ya godoro. Mimi ni mzima. Joto la hapa linanikausha, lakini hasira yangu bado mbichi, kwa hiyo usihofu.

Nakuandikia kuhusu neno moja. Unajua kazi yangu huku ofisini, mtaa wa Thongpiny, ni kuhariri ripoti za shirika. Wiki hii nilipewa ripoti ya Wafulani wahamaji, wale ambao hapa huitwa Mbororo, wanaoingia na ng'ombe kila kiangazi kutoka upande wa Afrika ya Kati. Kiongozi wao, Ardo Buba, aliletwa Juba kuhojiwa. Ripoti ikasema: "Wafugaji wanaomba kijiji chao karibu na mto."

Sikuamini. Mtu aliyeuza ng'ombe wekundu, fahari ya ukoo wake, akanunua weupe kwa kuwa weupe hawachagui nyasi. Mtu anayepiga simu ng'ambo ya mpaka kuuliza mvua imenyesha wapi kabla hajafunga mizigo. Huyo ndiye aombe kijiji? Nani alimtia neno hilo mdomoni?

Nilimfuata hotelini, nikamkuta anakunywa chai. Kiarabu changu cha Juba ni kibovu, chake kizuri.

"Ya Haj, ulisema neno gani hasa?"

"Nilisema wuro."

"Wuro ndio nini?"

"Mke wangu, moto wake, na kamba ya kufungia ndama. Vikihama, wuro imehama."

"Basi hata hapa hotelini ni wuro?"

"Hapa hakuna mke wala ndama. Hapa ni jela yenye sukari."

Nilipomwambia wameandika kijiji hakushangaa, na hapo nikaanza kumshuku yeye pia. Akauliza, "Kijiji huchimbiwa kisima?" Mzee alikuwa anapima faida ya neno hilo, Kaka. Nikamwambia wakulima wa huko watasomewa ripoti. Akaweka kikombe chini.

"Wale hutuachia mabua ya mtama baada ya mavuno, sisi tunawaachia samadi. Wakisikia nataka ardhi, watachoma nyasi kabla sijafika. Au watatungoja na bunduki. Futa."

Nikafuta, nikaandika: kambi ya msimu. Mkuu wa mradi, Mkenya mwenzetu, akaniita.

"Dada Wakesho, kazi yako ni koma."

"Koma nimeziweka. Hili ni la maana."

"Mkalimani amekosea kidogo tu. Wafadhili wanaelewa kijiji. Kambi inayotembea utaijengea nini?"

Mkalimani namsamehe. Amezaliwa mjini, na kwa Wafulani wa mjini wuro ni kijiji kweli. Lakini aliyeambiwa kosa, kisha akalirudisha kwa kalamu yake mwenyewe, huyo simsamehe. Nilifungua ramani ya mradi: kijiji kilikuwa kimeshachorwa kabla Ardo hajakanyaga Juba.

Najua unaguna, wewe uliyetia sahihi barua ya kuwafukuza wenye ngamia huko Voi. Sikatai, mahindi yako yaliliwa. Lakini siku ile kwa chifu, ilipodaiwa wamesema "tumekuja kukaa", nani alitafsiri? Hata kwa Kiswahili chetu kukaa ni kupumzika na kukaa ni kuhamia. Wewe umefundisha lugha hii maisha yako yote, na hukuuliza.

Kesho ripoti inasomwa mtaa wa Kator, hapahapa Juba, mbele ya Ardo na wazee wa wakulima. Nimeambiwa nisihudhurie. Nitahudhuria. Likisomwa kijiji, nitasimama nimtake Ardo aseme mwenyewe wuro ni nini, mkalimani mwingine atafsiri. Mkataba wangu unaruhusu nifukuzwe siku hiyohiyo. Niliusoma vizuri kabla ya kutia sahihi.

Msalimie wifi yangu, umwambie bamia za hapa hazifikii za shambani kwake. Msalimie Mjomba Mghendi fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya. Mama mwambie sijambo, na usimsomee pale penye bunduki.

Ukiniona getini wiki hii na begi langu, usiniulize safari. Utajua ni neno gani lilisomwa.

Mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Wakesho