Kompyuta ya Ida Kwenye Kichanja cha Kahawa

Kijijini Ruanda,
Mbinga.
15 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Pankras,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi Tumpe na watoto. Mnaendeleaje huko Bukoba? Mguu ulioteguka umepona kweli, au unachechemea huku ukidai umepona? Nakujua wewe. Huku kikohozi cha Mama kimepungua, ingawa baridi ya mwezi huu haina adabu. Kahawa imekubali, vichanja vya kuianikia vimejaa.

Sikukupigia simu kwa sababu habari hii siwezi kuisema kwa mdomo. Nitaishia kulia, na Mama yuko hapa hapa anasikiliza. Kwa hiyo soma taratibu.

Unaikumbuka kompyuta ya marehemu mdogo wetu Ida, tuliyoichukua kwenye nyumba yake ya ualimu kule Mbamba Bay baada ya mazishi. Alijirekodi humo akiwafundisha nyimbo watoto wa darasa la kwanza, na nyingine akimwimbia Mama kwa Kimatengo, anakosea maneno na kujicheka mwenyewe. Kila Jumapili tukitoka Misa, Mama alikuwa ananiambia, "Hedwiga, mfungulie Ida." Nafungua, tunamsikiliza. Picha zake tunazo nyingi tu. Sauti ilikuwa humo peke yake.

Basi, mwezi uliopita Mama aliinama kusogeza sikio, kikombe mkononi, chai yote ikamwagikia kwenye vitufe. Ikazima. Kesho yake nilipokuwa shambani, akafanya anachokijua: akaifunua, akaianika kichanjani katikati ya kahawa. Pankras, aliigeuza kila alipogeuza kahawa! Jua lilipokuwa kali akaifunika turubai pamoja na kahawa, jioni akaiingiza ndani pamoja na kahawa. Niliporudi akanipa kwa mikono miwili, akasema imekauka vizuri. Jamani, ningemwambia nini?

Niliiwasha. Taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi.

Tukaipeleka Mbinga mjini kwa fundi Azizi, mwenye kibanda karibu na stendi. Mama alikataa katakata kubaki nyumbani. Azizi akatoa betri, akakandamiza kitufe cha kuwashia, akachomeka chaja peke yake. Giza. Akamulika kioo kwa tochi, hakuna kitu. Akaiunganisha na televisheni yake, ndipo yakatokea maandishi kwamba diski haionekani. Kuifungua, sukari ya chai imegandia ndani na jua limeikausha ikawa gundi. Ile diski yenyewe inayotunza kila kitu akaichomeka kwenye kompyuta yake, ikawa inalia tik, tik, basi. Alininong'oneza kwamba amejaribu njia zote anazozijua.

Mama hakusikia. Alisema tu, "Iwake, baba, iwake." Azizi akaisafisha, akaweka diski mpya. Ikawaka! Mama akapiga vigelegele mle kibandani mpaka wapita njia wakageuka. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Haya, sasa mfungulie Ida."

Nilikosa pa kutazama. Nikamwambia, "Mama, Ida hayumo."

Akaniuliza, "Ni kwa sababu ya jua?" Nikamjibu hapana, ilikuwa imezeeka. Na wewe akikuuliza sema hivyo hivyo, tafadhali. Tangu siku ile hataki hata kuikaribia kahawa, naigeuza mimi. Moyo umenivunjika, ndugu yangu. Naona tumemzika Ida mara ya pili.

Mama anakusalimu sana. Baba mdogo Urbani naye anakusalimu, na anauliza utakuja lini. Mpe Tumpe pole ya safari zake za hospitali, na Goodluck umwambie shangazi yake anamkumbuka.

Nina ombi moja. Mimi natumia simu ya vitufe, lakini wewe na Ida mlikuwa mnatumiana ujumbe wa sauti. Tafuta, Pankras. Kama upo hata mmoja, mtumie Azizi, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, nami nitampeleka Mama akausikilize. Hata kama Ida anakufokea kwa kutokuja Krismasi, tuma. Mama hatajali anasema nini.

Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Hedwiga